Jora la Pasaka

Jumapili, 4 Januari

Mama mpendwa,

Kaa chini kwanza. Kama Baba yupo karibu mwite naye akae, maana sitaki kusikia mmoja wenu ameanguka.

Nina mimba. Miezi minne imetimia. Nilinyamaza mpaka daktari aseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikumwamini. Miaka tisa, Mama! Miaka tisa ya kuulizwa na kila mwenye mdomo, nami najibu "Mungu akipenda" huku nimechoka hata kulitamka.

Mkwe wako fundi bomba amekuwa kichekesho cha mtaa. Haniruhusu kuinama hata kuokota kijiko. Juzi alinifunga mwenyewe kamba za viatu, akazikaza kama anakaza bomba lisivuje, jioni tukashindwa kuzifungua tukazikata kwa kisu. Bekari bado naenda, ila wamenitoa kwenye tanuri, sasa nafunga mikate kwenye karatasi. Nimemwapia mume wangu sitabeba trei hata moja mpaka nijifungue.

Ningependa nikuambie haya kwa sauti, lakini simu ya bekari bosi ameitia kufuli. Pasaka tutakuja, mimi na tumbo langu. Usimtangazie padre kabla sijafika.

Mwanao,
Kifungo


Jumatatu, 12 Januari

Mwanangu Kifungo,

Barua yako imefika leo mchana. Nimeisoma nikadhani ni macho, nikafuta miwani, nikaisoma tena. Kisha nikamkabidhi baba yako. Akaisoma, akatoka uani, akasimama anaangalia juu eti anaona kama mvua itanyesha. Jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Nimemwacha alie kwa raha zake.

Ashukuriwe Mungu. Sina maneno mengine, na wewe unajua mimi sikosi maneno.

Jora la Pasaka nimeshanunua. Mwaka huu ni kijani cha jani changa na vidoti vyeupe, pamba tupu, nimelichovya kipande kwenye maji ya moto na halichuji. Mwenye duka anasema la namna hiyo halitakuja tena. Baba yako shati, dada yako gauni, watoto wake wawili, mkwe wangu shati, na wewe gauni la kumeza tumbo. Tangu mzaliwe hatujaingia kanisani siku ya Pasaka na vitambaa viwili, na hatutaanza sasa. Nitumie vipimo vya kifua na vya pale palipojaa zaidi. Usivute pumzi ndani kama ulivyonidanganya kwenye gauni la harusi.

Cha mtoto usiniulize. Aliyenifundisha kazi alinikataza mambo mawili: kushona nguo ikiwa mwilini mwa mtu, na kumkatia kitambaa mtoto ambaye hajazaliwa. Alisema mtoto akiusikia mkasi hugeuza njia. Padre ananiambia huo ni ushirikina. Naungama kila Kwaresima na naendelea vilevile. Siku utakayojifungua ndiyo siku nitakayoshika chaki.

Kula vizuri. Mwambie mkwe wangu viatu avinunue visivyo na kamba.

Mama yako


Jumatatu, 12 Januari

Mkubwa wangu,

Soma hii ukiwa peke yako, si pale saluni mbele ya wateja wenye vichwa vilivyosukwa nusu.

Mdogo wako ana mimba. Najua amekuandikia, lakini niache na mimi niseme, maana toka mchana natafuta wa kumwambia.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Nimemkatia mtoto. Nilipomaliza kusoma barua nililitandika jora mezani nione nani atapata nini. Ninyi wote mmeenea. Kikabaki kipande cha pembeni, hakifiki urefu wa mkono wangu. Nikajua nikikiacha kitaishia kwenye kola na mifuko, na mtoto atazaliwa akute ukoo mzima una kitambaa kimoja, yeye peke yake hana. Mkono ukanitangulia. Uji wa baba yako ulikuwa haujapoa, nami nilishakata mbele, nyuma na mikono. Kigauni cha kichanga, wa kike na wa kiume wote wanakivaa. Mtoto mwenyewe bado hata kucheza hajacheza!

Miaka arobaini sijawahi. Nimekaa hapa nakiangalia, kizuri, na naogopa kukigusa.

Mdogo wako nimemwandikia kwamba sigusi. Nisitiri. Usimwambie wala usimdokeze, niapie kwa Mungu.

Mama yako


15 Februari

Mama,

Vipimo hivi hapa, sijavuta pumzi: kifua mia moja na nne, tumbo mia na kumi na mbili, na linaongezeka nikikuandikia.

Anacheza! Mwanzoni alikuwa anagonga kwa adabu, mara moja, halafu ananyamaza kusubiri ajibiwe. Sasa adabu imekwisha. Mashine ya kukandia unga ikiwashwa naye anawaka, ikizimwa anatulia. Wenzangu wamempa jina Fundi Mitambo. Mzee wa mizani, yule anayepima unga, huja kila asubuhi kumuuliza kama mashine iko sawa, na siku moja ilikuwa inakwaruza kweli na mtoto alikataa kucheza. Bekari nzima ilicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya magunia nikalia kwa furaha, nikamwambia Mungu asante kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kitabu.

Jana nimemsimulia mume wangu safari za treni za Pasaka kwenda kwa Bibi. Hakujua kwa nini mnaniita Kifungo. Nikamweleza tulivyoshuka kwenye ile stesheni ya kubadilishia treni, watu kama siafu, mimi nimeshika gauni lako. Mtu akapita na godoro katikati yetu, wewe ukaenda na gauni, mimi nikabaki na kifungo chako mkononi. Na yule mpagazi aliyenibeba mabegani akipita behewa kwa behewa, anaangalia vitambaa, mpaka akamwona Baba na shati la maua yaleyale. Mume wangu akasema, "Kumbe ndiyo maana mnavaa sare." Nikamwambia hapana, tulianza zamani, ila toka siku ile Mama hakubali mjadala.

Nilikuwa na miaka minne, na sikumbuki kuogopa. Nakumbuka tu nilijua mtakuja, kwa sababu nguo yangu ilikuwa na wenzake mahali.

Mwanao,
Kifungo


Alhamisi, 19 Februari

Kifungo wangu,

Barua ya Fundi Mitambo nimemsomea baba yako mara tatu. Amewasimulia wazee wenzake wa kwaya ya besi, na sasa kila nikipita wananiuliza habari za mashine.

Nina la kukuambia, na nimejaribu kulimeza nimeshindwa. Jana, Jumatano ya Majivu, nimetoka kanisani na jivu langu usoni, nikamkatia mtoto kigauni. Ndiyo, mimi. Nimesema: huyu anapiga mateke, anajua mashine nzima na mbovu, huyu ni mtu kamili, amekwisha kushika njia, hawezi kugeuza kwa sababu ya mkasi. Basi usininunie na usiogope. Kitambaa kilikuwa kinaisha, na sikutaka awe nje ya jora.

Kigauni kimekwisha, na vishikizo vitatu mgongoni. Padre atafurahi, ushirikina wangu umepungua kwa nusu.

Gauni lako nimeliachia nafasi ya kupanua, usile kwa woga.

Mama yako


9 Machi

Dada,

Mtoto hayupo.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe sita. Mwenzangu wa tanuri la pili hakuja kazini, mikate ilikuwa inaungua na hakuna aliyekuwa karibu, nikabeba trei. Nne. Mchana maumivu yakaanza. Daktari anasema trei hazihusiki, anasema moyo wake ulikuwa umeshasimama kabla, anasema hutokea. Nimemuuliza, hutokea kama mvua? Akainamia faili lake.

Alikuwa wa kike. Walinipa nimshike. Kidole cha pili cha mguu kilikuwa kirefu kuliko kikubwa, kama vyangu, kama vya Mama. Sista wa wodi alikuja kusali pembeni ya kitanda, nikamwomba asimalize. Mume wangu amefungua bomba la jikoni mara tatu tangu turudi. Halivuji. Analifungua, analifunga, anakaa sakafuni na spana mkononi.

Sijamwandikia Mama. Sijui niandikeje. Aliniambia alimkatia kigauni Jumatano ya Majivu, yaani wiki mbili na siku chache kabla. Wewe unamjua. Hatasema trei, hatasema hutokea. Atasema ni mkasi wake, na hakuna padre atakayemtoa hapo. Nikifumba macho namwona na ile miwani yake, anahesabu siku.

Dada, mimi nimekwisha kuvunjika, hilo halina dawa. Lakini Mama nataka apone. Nifanyeje?

Kifungo


Jumamosi, 14 Machi

Mwanangu,

Mbona kimya? Nahisi ni uzito, miezi ya mwisho mtu hata kalamu huiona gunia. Usijali, mimi nitaongea peke yangu, nimezoea kwa baba yako.

Nguo zote zimebaki pindo tu. Shati la mkwe wangu nimelitia mfuko mkubwa wa kifua aweke zile penseli zake. Kwaya inafanya mazoezi ya wimbo wa Ufufuko, na mimi nimepewa sehemu ya kuanzisha, sauti yangu hii ya kukwaruza. Nimemwambia mwalimu wa kwaya mwaka huu nina sababu ya kuimba, asinizuie.

Kigauni nimekitundika kwenye msumari karibu na dirisha, mlango ukifunguliwa kinacheza. Wateja wanauliza cha nani. Najibu cha mtu mmoja anayesafiri.

Niandikie hata mstari.

Mama yako


16 Machi

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Barua yako nimeifungulia saluni. Nilimwacha mama wa watu na nusu ya kichwa, nikafunga mlango wa nyuma nikakaa juu ya ndoo. Sina neno. Mimi ambaye wateja wananilipa nusu kwa kusuka na nusu kwa kuongea, sina neno.

Wa kike. Nilitaka sana awe wa kike.

Usijipige na hizo trei. Na mkumbatie shemeji yangu, mwache na bomba lake, kila mtu ana pa kulilia.

Mama lazima aambiwe kabla ya Pasaka, asije akasimama stesheni anatafuta tumbo lako kwenye umati. Mwambie mtoto amefariki, basi. Usitaje mkasi. Usitaje tarehe. Kuna neno juu ya mkasi huo ambalo nimeapishwa nisiliseme, nawe unajua kiapo cha Mama kilivyo, kinamfunga mtu hata usingizini. Nakusihi tu, usihesabu siku mbele yake. Tukikutana Pasaka tutakaa watatu jikoni tulimalize kwa mdomo.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Dada yako


24 Machi

Mama,

Kaa chini. Safari hii nasema kweli.

Mtoto hatukumpata. Na nina jambo jingine baya zaidi: nimekudanganya muda mrefu. Mimba iliondoka tarehe kumi na mbili Januari, siku chache tu baada ya kukuandikia. Ilikuwa changa, haikuwa na umbo la kumjua mtu. Baadaye barua yako ya furaha ikafika, na jora, na Baba uani na mvua yake, nikashindwa kukukatisha. Nikaendelea kuandika kana kwamba yupo.

Mateke nilikudanganya, Mama. Fundi Mitambo hakuwepo. Mzee wa mizani hakuniuliza lolote. Vipimo nilivyokutumia nilivikisia.

Nisamehe. Lakini uone jambo moja: wewe ulikata Jumatano ya Majivu, na wakati huo hapakuwa na mtu tumboni kwangu kwa zaidi ya mwezi. Mkasi wako haukumgusa mtu, kwa hiyo usithubutu kufikiri vinginevyo. Ulishona kitambaa tu.

Pasaka hatutakuja. Sijaweza bado kukaa kwenye benchi la kanisa. Unajua nitafika siku nikiweza.

Mwanao,
Kifungo


24 Machi

Dada,

Hii na ya Mama nazitia kwenye sanduku la posta kwa pamoja, kwa hiyo usihangaike kunizuia.

Uliniambia nisitaje tarehe. Lakini nisipoitaja atahesabu mwenyewe, na akihesabu mwenyewe atafika kwenye mkasi. Kwa hiyo nimempa tarehe. Nimemwambia mimba iliondoka tarehe kumi na mbili Januari. Hata kwa nini nikachagua hiyo sijui, ndiyo iliyokuwa juu ya ile barua yake ya kwanza, ilikuwa wazi mezani wakati naandika, nikainakili. Ni zaidi ya mwezi kabla ya Majivu. Hakuna namna atakayoupindisha mkasi mpaka huko.

Ili anisadiki ilibidi niseme mateke yalikuwa uongo. Kalamu ilikataa hapo, nikatoka nje, nikarudi. Dada, alicheza. Wewe ujue. Alicheza wiki saba, alikuwa anapenda kelele na alikuwa hapendi chai ya rangi. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba hakuwepo, ili bibi yake alale. Kama kuna Mungu anayesoma barua za watu, atajua niliandika nini na kwa nini.

Usimwambie Mama ukweli. Upande wetu ni wewe tu unayejua.

Kifungo


Jumatatu, 30 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Sijakasirika hata kidogo. Mtu akiwa na msiba hujikinga na kilicho karibu, na wewe ulijikinga na sisi. Pole, mama yangu. Pole sana na kwa mkwe wangu.

Ya mkasi nimeelewa. Umefanya vyema kuniambia tarehe. Nimetulia.

Baba yako anasema usije kama hujaweza, njia haihami. Nguo zenu nitazituma kwa basi. Gauni lako nimelipunguza kiuno.

Mama yako


6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Kifungo,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya Mama, cherehani imefunikwa shuka pembeni yangu. Mama anasema macho yamechoka, anaipumzisha. Kwa umri wake ni haki yake.

Pasaka ilikwenda vizuri. Sote tulivaa kijani chetu, na watoto wangu waligombana nani kashonewa vidoti vingi, wakaanza kuvihesabu katikati ya mahubiri. Baba shati lilimkaa kama kijana wa posa. Aliimba besi mpaka shingo ikatoka mishipa. Mama hakuja kanisani, alikuwa na mafua, sauti haikutoka. Mwingine akaanzisha wimbo wa Ufufuko. Si kitu, ni mafua tu ya majira haya. Alibaki nyumbani na sisi tuliporudi tulikuta ametupikia.

Mimi na yeye tulikaa jikoni muda mrefu baada ya watu kupumzika. Tulikutaja kwa mema.

Barua yako imemsaidia sana. Uliniuliza ufanyeje ili Mama apone, nami nakuambia ulifanya. Analala vizuri. Anakula. Mkasi hautaji tena. Wewe sasa jitazame mwenyewe, umwache Mama kwetu.

Shati la shemeji na gauni lako yamepanda basi asubuhi. Lipokee tu, si lazima ulivae mwaka huu.

Dada yako


Alhamisi, 9 Aprili

Mkubwa wangu,

Natumaini mlifika salama na watoto hawakutapika njiani.

Uliyoniambia jikoni siku ya Pasaka nimeyafikiria toka uondoke. Nakushukuru. Una moyo mwema, toka utoto wako ulikuwa hivyo, ulikuwa unavunja kiapo ili mtu asilie. Lakini usinifanye mtoto, mwanangu.

Unasema mdogo wako alinidanganya tarehe. Kwamba mtoto alikuwepo mpaka Machi, wa kike, akicheza, na vidole vya miguu kama vyangu. Vidole vile nusura vinidanganye. Lakini barua ya mwenye mimba ninayo, kwa mwandiko wake: tarehe kumi na mbili Januari. Nani atajua kuliko yeye? Yeye hajui nilikata lini. Anadhani ni Majivu, kwa sababu nilimwambia hivyo kwa aibu yangu. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuitaja siku hiyo ila kwamba ndiyo siku yenyewe. Hiyo ndiyo siku niliyolitandika jora, kabla uji haujapoa. Wewe peke yako ndiye uliyejua, nami mwenyewe ndiye niliyekuandikia.

Kama ingekuwa kama unavyosema, kwamba alikaa karibu miezi miwili baada ya mkasi wangu na akacheza kwa furaha, basi mkasi haukumfanya kitu. Ningelala. Ningerudi kwaya kesho. Ndiyo maana umeniletea hadithi hiyo: unajua ndiyo ninayoitaka. Na usimwombe mdogo wako aniandikie nyingine, nitajua imetoka kwako.

Cherehani nimempa yule msichana fundi wa sokoni, amekuja na mkokoteni leo. Baba yako ananiuliza wateja waambiwe nini, nimemwambia awaambie nimestaafu. Kanisani sijui. Jumapili mlipokuwa mnaimba "Amefufuka" nilikuwa nawasikia hadi jikoni, upepo ulikuwa unakuja upande huu. Nilijaribu kuitikia. Nikaitazama mikono yangu, nikarudi kwenye sufuria. Padre amekuja mara mbili. Ananiambia Mungu husamehe ushirikina. Mimi sijamwomba anisamehe ushirikina.

Mdogo wako asijue kamwe. Akijua ni siku ileile atasema ameniua yeye kwa kuitaja tarehe, na mimi ndiye niliyemtoa mtoto wake. Mmoja wa kubeba hili anatosha. Aendelee kuamini ni Majivu.

Hili ndilo ninalokuapisha la mwisho, na hili lishike.

Mama yako


15 Aprili

Dada,

Nguo zimefika, na barua yako kabla yake. Nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Analala. Anakula. Mkasi hautaji. Nimemsomea mume wangu mstari huo, akaweka spana chini akasema, "Basi tumeokoa mmoja." Siku hiyo hakulifungua bomba.

Mimi bado sijawa mtu. Kazini nimerudi, wakiwasha mashine ya kukandia natoka nje nasimama na wapakiaji mpaka ianze kuzoeleka masikioni. Mzee wa mizani ananipa kiti. Kanisani sijaenda. Na kila siku namwomba mwanangu radhi kwa kumkana, namwambia nilijua ulikuwepo, nilisema vile kwa ajili ya bibi yako, ungempenda. Sijui kama ananisikia. Sina imani tena ya kutosha kujua.

Lakini nikimfikiria Mama amelala, amegeukia ukutani kama anavyolala, bila kuhesabu chochote, naona sikukosea. Katika mwaka huu wote ni jambo moja tu nililofanya likawa sawa. Nimelishika hilo.

Mama akikuuliza habari zangu mwambie naendelea. Na ule ukweli, Dada, usimwambie hata siku moja, kama nilivyokuomba.

Mdogo wako,
Kifungo